Tas-hifu katika Kompyuta: Matini ya Kiarabu Inapohamishwa

Wanavyuoni wa hadithi wameliita tas-hifu lile kosa la mnakili kugeuza neno kwa kukosea nukta au umbo la herufi. Abu Ahmad al-Askari, aliyefariki mwaka 382 Hijria, alilitungia kitabu kizima. Ndugu msomaji, kosa hilo halikuondoka pamoja na kalamu ya mwanzi.

Kompyuta haihifadhi herufi, bali huhifadhi namba, na lazima liwepo jedwali la kusema namba fulani ni herufi gani. Kwa Kiarabu yalienea majedwali zaidi ya moja, yakiwemo ISO 8859-6 la mwaka 1987 na Windows-1256. Kuanzia alifu hadi dhadi mawili haya yanakubaliana, kisha yanaachana. Neno من (min) katika jedwali la kwanza ni namba 229 na 230. Zisome namba hizo hizo kwa jedwali la pili: zinakuwa he na wau, yaani هو (huwa)! Sentensi nzima itavurugika na kumzindua msomaji, lakini neno moja moja laweza kumpita, kwani ni Kiarabu sahihi. Barua pepe iliyojaa vikorokoro ni afadhali. Hiyo haimdanganyi mtu.

Unikodi, iliyotolewa mwaka 1991, huipa kila herufi namba yake yenyewe, na leo matini nyingi huandikwa kwa njia yake ya UTF-8. Hata hivyo mafaili ya zamani bado yapo, na zipo programu zinazorudisha matini kwenye majedwali ya zamani. Hapo ndipo penye hatari kwa Qur'ani. Alifu ndogo ya juu, kama ile ya neno “Ar-Rahman” katika msahafu, haina nafasi katika Windows-1256. Ama huanguka, ama huwa alama ya kuuliza.

Ifahamike tofauti hii: namba zikisalia zilivyo, kubadili jedwali la kusomea kunatosha, matini hurudi. Ama herufi ikishageuzwa alama ya kuuliza na faili likahifadhiwa, imebaki namba 63 tu, na hakuna programu itakayojua ilikuwa herufi gani.

Kwa hiyo anayehamisha matini aiache nakala ya asili bila kuigusa, aiambie programu jedwali inalotoka na inalokwenda, kisha afanye mukabala, kama alivyohimiza Ibn as-Salah (aliyefariki 643 Hijria) kwa wanaonakili kwa mkono. Na aya zilinganishwe na msahafu uliochapishwa, irabu kwa irabu, kabla karatasi ya hotuba haijafika msikitini.