Wazazi na Mwalimu wa Mchezo

Huko Marekani, baridi ikiisha, vijana wa shule za sekondari hurudi uwanjani kucheza besiboli. Sisi tuliozoea mpira wa miguu twahitaji kuelezwa kidogo. Kila upande una wachezaji 9 uwanjani. Mmoja wao, mrushaji, husimama kadiri ya mita 18 mbele ya mpigaji na kumtupia mpira mdogo mgumu kwa nguvu zake zote. Mpigaji naye hujaribu kuupiga kwa rungu. Ushindi wa timu hutegemea sana mkono wa mrushaji huyo mmoja.

Na mwalimu wa mchezo ni nani? Mara nyingi ni mwalimu wa kawaida, afundishaye historia au hesabu mchana, na jioni huingia uwanjani kwa nyongeza ndogo ya mshahara. Vijana wengi huja kujaribiwa, nafasi ni 9, na waliobaki hukaa benchini. Hapo baba na mama wanaotazama nyuma ya wavu hutaka kujua sababu: mbona mtoto wa fulani anacheza, na wetu anatazama tu? Wengine wanataka makubwa zaidi. Wanadhani kwamba mwalimu akimtanguliza mtoto wao, chuo kikuu kitamwita na kumlipia masomo. Kumbe kwa miaka mingi, mpaka 2025, timu ya chuo kikuu ya daraja la kwanza haikuruhusiwa kutoa zaidi ya malipo kamili 11.7, nayo yaligawanywa vipande vipande kwa wachezaji wengi. Kikomo hicho kimeondolewa, lakini nafasi bado ni chache kuliko vijana wanaozitamani.

Shule nyingi huwaita wazazi kabla ya mchezo wa kwanza, ili mwalimu awaeleze mapema ni nani atakayechagua wachezaji, yaani yeye mwenyewe. Kanuni moja ipendwayo ni hii: mzazi mwenye hasira asimfuate mwalimu mara mchezo umalizikapo, bali angoje saa 24. Tena aseme habari za mtoto wake, si za watoto wa wengine. Nasi twaona ni busara, maana hasira ikilala usiku mmoja huamka imepungua.

Lakini kuna jambo moja ambalo wazazi wana haki kabisa ya kulidai, na wengi hawalidai: mkono wa kijana utunzwe. Kurusha kwa nguvu kunavuta kano ya ndani ya kiwiko, na kano hiyo yaweza kukatika. Mwaka wa 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji mashuhuri Tommy John, akatengeneza kano mpya kwa kano iliyotolewa katika mkono mwingine. Mchezaji huyo alirudi uwanjani mwaka wa 1976. Siku hizi hata vijana wa shule hupasuliwa hivyo. Uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba vijana waliorusha zaidi ya miezi 8 kwa mwaka walipatwa na upasuaji mara 5 kuliko wenzao.

Kwa hiyo, tangu mwaka wa 2017, kila jimbo linatakiwa kuweka kanuni ya kuhesabu mirusho katika michezo ya shule za sekondari, na siku za kupumzika. Shauri lililotolewa kwa vijana wa miaka 17 na 18 ni mirusho 105 kwa siku, isizidi. Na aliyepita 80 apumzike siku 4. Mwalimu anayemtoa mrushaji wake bora, ijapokuwa timu inakaribia kushindwa na wazazi wanapiga kelele, huyo anafanya kazi yake.

Hata hivyo hesabu ya mwalimu haitoshi. Kijana yule yule mara nyingi huchezea pia timu nyingine isiyo ya shule, ambayo wazazi wake huilipia fedha nyingi. Alhamisi alirusha mara 90 shuleni. Jumamosi baba anampeleka kwenye mashindano ya mji mwingine, na mwalimu wa huko hana habari. Shule haioni mirusho ya Jumamosi, wala timu ile haioni ya Alhamisi. Anayeziona zote mbili ni mzazi aendeshaye gari.