Kulala si Kulazwa: Daraja la Mgonjwa na Bima ya Wazee katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Vitenzi kulala na kulazwa vina mzizi mmoja lakini havina maana moja. Anayelala hulala mwenyewe. Anayelazwa amelazwa na mwingine. Hospitalini, tofauti hii ya kisarufi hugeuka kuwa tofauti ya fedha. Mgonjwa aweza kukesha katika chumba cha dharura, akipimwa na kutiwa maji, kisha kulipopambazuka akarudi kwake bila ya kuandikwa miongoni mwa waliolazwa. Makala haya yanalenga kueleza jinsi daraja analotiwa mgonjwa, yaani wa kulazwa au wa nje, linavyoathiri bima ya afya ya wazee katika Kaunti ya Kilifi, ambayo Malindi ni sehemu yake.

Bima iliyofuata kitanda

Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) iliasisiwa mwaka 1966. Kama jina lake lilivyodokeza, ilikuwa bima ya hospitali, na kwa miongo mingi kazi yake kubwa ilikuwa kulipia gharama za waliolazwa. Mwaka 2015 ada zilipandishwa na matibabu ya wagonjwa wa nje yakaongezwa kwa wanachama kwa jumla. Hata hivyo, madaraja mawili yaliendelea kutofautiana: mwanachama alitakiwa kuchagua kituo kimoja cha kutibiwa kama mgonjwa wa nje, ilhali wa kulazwa aliweza kupokewa katika hospitali yoyote iliyoidhinishwa.

Chukulia mzee wa Marafa aliyechagua kituo cha Malindi, kisha akashikwa na kizunguzungu akiwa kwa mwanawe Mtwapa. Alipolazwa huko, bima ilimfuata. Alipopewa dawa na kuruhusiwa aende zake, gharama ilimwangukia yeye na mwanawe. Maradhi yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni neno moja katika faili.

Kwa nini wazee huumia zaidi

Maradhi mengi ya uzeeni hayahitaji kitanda. Shinikizo la damu na kisukari hutaka dawa kila siku na kliniki kila baada ya muda. Bima inayoegemea kitanda humfaa aliyevunjika nyonga au aliyekwisha kupatwa na kiharusi; haimfai sana anayejitahidi kukizuia kiharusi hicho. Matokeo yake ni kwamba mzee hugharimiwa baada ya kuanguka, si kabla. Aidha, atokaye mbali, kama vile Magarini au Ganze, huongeza nauli yake na ya anayemsindikiza, na nauli hiyo huitoa mfukoni.

Mfumo wa sasa

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliiondoa NHIF, na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Sheria hiyo ilianzisha hazina tatu. Ya kwanza, Hazina ya Afya ya Msingi, hugharimiwa na Serikali, nayo hulipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya kwa aliyesajiliwa. Ya pili, Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, hutegemea michango ya wanachama na hulipia huduma za hospitali, zikiwemo siku za kulazwa. Ya tatu ni ya dharura na maradhi sugu na mahututi.

Hatua hii ni nafuu kwa mzee mwenye shinikizo la damu aliye karibu na zahanati yenye dawa. Lakini daraja halijatoweka, limepata ndugu. Sasa huulizwa mambo matatu: je, mgonjwa ni wa nje au wa kulazwa? Je, yumo katika kituo cha ngazi gani? Je, mchango wake umelipwa? Mzee aliyesajiliwa tu, bila ya kuchanga, huhudumiwa zahanati. Akipewa rufaa kwenda hospitali na kulazwa, usajili peke yake haumtoshi.

Kwa asiye na mshahara, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nao hutakiwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Mzee anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za mpango wa Inua Jamii angehitaji kutoa karibu posho ya miezi miwili. Sheria inaitaka Serikali iwalipie wasiojiweza, lakini kutojiweza nako ni daraja: hupimwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali. Mzee aliyejengewa nyumba ya mabati na wanawe aweza kuonekana ana uwezo, hali mfukoni hana kitu.

Funzo kutoka Marekani

Tatizo hili si la pwani peke yake. Nchini Marekani, bima ya wazee iitwayo Medicare hulipia makao ya uuguzi iwapo mgonjwa amelazwa hospitalini kwa siku tatu mfululizo. Wazee wengi walilala siku hizo kitandani, kisha wakaambiwa walikuwa wakichunguzwa tu, hawakulazwa. Sheria ya mwaka 2015 ikazilazimu hospitali kumjulisha mgonjwa daraja lake, kwa maandishi na kwa mdomo, iwapo amechunguzwa kwa zaidi ya saa 24.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata utunzaji. Heshima hiyo haikamiliki iwapo mzee anayezungumza Kigiriama au Kiswahili atatiwa sahihi ya kidole katika fomu ya Kiingereza asiyoielewa. Hapa pana kazi kwa wapenzi wa Kiswahili: kuyafasiri maneno ya bima kwa lugha inayofahamika kijijini. Nao wanaowasindikiza wazee wao hospitalini hawana budi kuuliza mapema: je, mzee amelazwa, au amelala tu? Kuuliza si ujinga, na swali hilo laweza kuikoa mbuzi ya familia isiuzwe.