Msuli Unapopungukiwa na Damu

Mtu achukuaye ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja, wala si kichwani, kutoka Ghuba ya Speke kuelekea Nyashimo, hafiki mbali kabla vidole na kigasha havijaanza kuwaka moto. Huitua, akakung'uta mkono, na baada ya muda mfupi maumivu hutoweka. Uzito wa ndoo haukubadilika, wala msuli haukujeruhiwa. Kilichotokea ni kwamba msuli uliokazwa bila kulegezwa huibana mishipa ya damu ipitayo ndani yake, hata ukakosa oksijeni ya kutosha na kushindwa kuondoa taka zake.

Hali hiyo ndiyo msingi wa zoezi lililobuniwa Japani na Yoshiaki Sato. Wazo lilimjia mwaka 1966, alipopiga magoti kwa muda mrefu katika ibada ya kumbukumbu. Miguu yake ilikufa ganzi, naye akahisi ndani yake uchovu ufananao na ule wa mazoezi mazito. Leo mkanda wa hewa, mfano wa ule wa kupimia shinikizo la damu, hufungwa juu ya paja au mkono. Haukazwi hata kuziba ateri kabisa: damu iingiayo hupungua, na ile irudiyo moyoni kwa njia ya vena huzuiwa zaidi. Kisha mtu hunyanyua uzito mdogo, asilimia 20 hadi 30 tu ya ule awezao kuunyanyua mara moja. Awezaye kilo 30 hupewa kilo 6 hadi 9.

Yafaa tuulize: uzito mdogo hivyo wawezaje kuukuza msuli? Kwa kawaida mwili huanza kutumia nyuzi ndogo za msuli, zisizochoka upesi, na kuziweka akiba zile kubwa zenye nguvu. Nyuzi ndogo zikikosa oksijeni huchoka mapema, na neva hulazimika kuziita zile kubwa kabla ya wakati wake. Asidi na fosfati hurundikana, seli hujaa maji, na ndani yake huamshwa viashiria vya kutengeneza protini. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, vijana sita walitumia asilimia 20 ya nguvu zao huku mapaja yamebanwa. Utengenezaji wa protini katika msuli uliongezeka kwa asilimia 46. Bila mkanda, zoezi hilohilo halikuleta ongezeko hilo.

Hata hivyo, kwa kuongeza nguvu, uzito mkubwa bado unashinda. Faida ya njia hii yaonekana zaidi kwa asiyeweza kuubeba: mzee, au mgonjwa aliyetolewa plasta na kukuta paja limenywea.

Wavulana wapendao vifua vipana watashawishika kujifunga mpira wa tairi. Wasithubutu. Mpira hauna kipimo. Waweza kuziba ateri, kuumiza neva, au kugandisha damu. Huku kwetu iko sababu nyingine nzito. Utafiti wa watoto wachanga wa kaskazini-magharibi ya Tanzania, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa takriban mmoja kati ya watano amerithi kinasaba kimoja cha selimundu. Wengi wa namna hiyo huishi bila kuugua wala kujijua. Lakini upungufu wa oksijeni pamoja na asidi ndiyo mazingira yanayozipinda chembe hizo za damu. Zoezi hili ni la mtaalamu mwenye vifaa.

Darasani liko jaribio lisilohitaji mkanda. Mwanafunzi ainue mkono mmoja wima juu ya kichwa na kuuacha mwingine ukining'inia, kisha afumbe na kufumbua viganja vyote kwa kasi moja. Mkono wa juu, ambao damu huufikia kwa shida kwa kuwa uko juu ya moyo, kwa kawaida huchoka kwanza. Mwenzake ahesabu, na tofauti iandikwe ubaoni.