Kioo cha Saa na Haki ya Mnunuzi

Saa ya thamani mara nyingi hupata mikwaruzo yake mahali pa heri. Muislamu huivua anapotawadha, kwa kuwa maji hayana budi kuufikia mkono wote hadi kiwikoni, kisha huilaza ukingoni mwa birika. Ukingo huo ni wa saruji, na saruji ina mchanga. Huku kwetu Kimwani mchanga wa ziwa huingia hadi misikitini kwa nyayo za watu.

Mchanga mwingi ni punje za madini yaitwayo kwatzi. Katika kipimo cha ugumu alichokiweka Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kwatzi ina daraja la 7, kioo cha kawaida hakizidi sana 5, na almasi ina 10. Ndiyo maana kioo cha kawaida huchanika kwa punje moja tu. Saa za bei kubwa huwekewa yakuti isiyo na rangi, yenye daraja la 9. Si ile ichimbwayo Umba au Tunduru. Ni yakuti ya kiwandani, ambayo Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuitengeneza mwaka 1902.

Yakuti hiyo haikwaruzwi na mchanga, lakini ugumu si uimara: ikigongwa kwenye kona ya ukuta, humeguka pembeni. Kioo cha plastiki cha saa za zamani husuguliwa kwa dawa ya meno kikang'aa tena. Pengo la yakuti halisuguliki wala halizibiki; fundi hana budi kubadilisha kioo kizima.

Hapo ndipo ghushi inapoingia. Kamati yetu ililetewa shauri la kijana aliyenunua saa iliyokwisha kutumika kutoka kwa jirani. Pengo lilikuwa limejazwa gundi angavu. Baada ya majuma machache mvuke ukatanda ndani ya kioo, naye muuzaji akajibu kwamba mali ikishauzwa hairudi. Familia mbili zilizokuwa zikizikana zikaacha kuamkiana.

Jibu lile halina nafasi katika sheria yetu. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini yake, na akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mafakihi wakathibitisha khiyari ya aibu: mnunuzi akigundua kasoro ya tangu kabla ya mauzo, yenye kupunguza thamani, anayo haki ya kurudisha. Kwa madhehebu ya Imam Shafii, arudishe mara ajuapo. Anayeendelea kuivaa amekwisha kuridhia. Vilevile aliyeambiwa kasoro akakubali hana dai. (Ama saa ya dhahabu kwa mwanamume, hiyo haingoji mkwaruzo ili iwe na aibu.)

Fedha zilirudishwa. Salamu bado zinasuasua.

Wanaouza saa ya marehemu ili wagawane mirathi wataje pengo kabla ya kutaja bei. Mnunuzi naye aiinamishe saa juani, apitishe ukucha polepole ukingoni mwa kioo. Pengo litaunasa hata kama jicho halikuliona. Na wakati wa kutawadha, mfuko wa kanzu unafaa kuliko saruji ya birika.