Hoteli Kando ya Mto: Nani Atabaki na Njia ya Kufika Majini?

Oyugis ni mji wa barabarani. Magari yatokayo Kisumu kwenda Kisii na Migori hupita katikati yake, na biashara ya kulaza wageni imefuata magari hayo. Ploti za kando ya lami zinapojaa, mwekezaji huanza kutazama upande wa pili, kule mashamba yanakoteremka hadi mtoni. Huko kuna kivuli, kuna utulivu, na mgeni akiamka asubuhi anaona maji badala ya matrela. Yaliyotokea Kisumu na Migori, miji iliyokua ikiwa imepakana na maji, yanaweza kutokea hapa pia.

Hoteli inayozungumziwa hapa ni jengo la vyumba vya kulala, ukumbi wa mikutano na maegesho, wala si kibanda cha chai na chapati. Jengo la namna hiyo huleta kazi na ushuru. Pia huja na ukuta. Siku ukuta unapojengwa kutoka barabarani hadi ukingoni, mtoto aliyekuwa akiteremka na mtungi, mchungaji aliyekuwa akinywesha ng'ombe, kijana wa bodaboda na kanisa lililokuwa likibatiza pale wote hujikuta wanatafuta njia nyingine. Mara nyingi njia nyingine haipo.

Wengi hudhani sheria tayari imelimaliza jambo hili. Haijalimaliza, na hapa ndipo wakazi wanapaswa kuelewa vizuri.

Kuna ardhi za aina tatu kati ya barabara na maji. Ya kwanza ni mto wenyewe. Ibara ya 62 ya Katiba inaitaja mito na maziwa kuwa ardhi ya umma, inayosimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi kwa niaba ya wananchi. Hakuna mwenye hoteli anayeweza kuumiliki mto. Ya pili ni ukanda wa mto, yaani sehemu iliyo kandokando ya maji. Kanuni za Ubora wa Maji, chini ya sheria ya mazingira, zinakataza ujenzi ndani ya upana ulio sawa na upana wa mto, usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30 kila upande. Kijito cha mita 3 kinaachiwa mita 6. Mto wa mita 12 unaachiwa mita 12. Mto mpana wa mita 45 unaachiwa mita 30. Ya tatu ni ploti iliyobaki nyuma, ambayo mwenyewe anaweza kuijengea akipata kibali.

Tatizo liko kwenye ile ya pili. Ukanda wa mto ukiwa ndani ya hatimiliki ya mtu, kanuni hizo hazimnyang'anyi ardhi yake. Zinambana tu asijenge. Wala hazimpi jirani haki ya kupita. Kwa hiyo hoteli inaweza kutii kila mita iliyotajwa, ikaacha nyasi safi na miti mizuri hadi majini, na bado mwananchi asiweze kukanyaga pale kwa sababu lango liko barabarani na lina askari. Sheria imelinda mto dhidi ya saruji. Njia ya watu ni lazima ichorwe kwenye ramani, iwekwe katika masharti ya kibali na kuandikishwa kwenye sajili ya ardhi, jambo ambalo Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaliruhusu. Ahadi ya mdomo kwenye baraza la chifu haitoshi. Hoteli huuzwa, na mnunuzi hakuwepo barazani.

Msanifu majengo anayeijua kazi yake ataanza na swali la mafuriko kabla ya kuchora chumba hata kimoja. Mita zilizotajwa katika kanuni hupimwa kuanzia alama ya juu kabisa ambayo mafuriko yamewahi kufika, si pale maji yalipo mwezi wa Januari. Mito ya eneo hili, kama Awach Kibuon na Awach Tende, hushuka kutoka nyanda za juu za Kisii na Nyamira ikielekea Ziwa Victoria. Mvua ikinyesha sana huko juu, maji yanaweza kujaa hapa chini hata kama Oyugis ni pakavu. Vijito vingi havina kipimo cha serikali kinachoonyesha maji yalifika wapi mwaka gani. Kumbukumbu iko kwa wazee: mvua za 1961 na miaka iliyofuata, El Niño ya 1997 na 1998, halafu 2020 na 2024. Mzee anayeweza kuonyesha mti ambao maji yaliufikia mwaka wa El Niño anashika ushahidi ambao savea anauhitaji, na hilo ni la kusemwa mapema, kabla ya vigingi kupigwa.

Jibu zuri la mafuriko ndilo pia jibu zuri la njia ya watu. Sakafu ya kwanza ya hoteli ikiinuliwa mita moja na nusu au mbili juu ya alama ya mafuriko, wageni wanaoketi kwenye baraza huona mto bila kuonwa sana, na mtu apitaye chini hawezi kuingia vyumbani kwa urahisi. Tofauti ya kimo inafanya kazi ya ukuta. Chini yake, katika ukanda usiojengwa, hupita njia ya wazi: changarawe au mawe yaliyopangwa, mabenchi mazito, miti. Vitu hivi vikifunikwa na maji siku mbili, huoshwa na kutumika tena. Jiko, stoo, jenereta na nyaya za umeme visiwekwe huko chini hata kidogo.

Mji wa San Antonio katika jimbo la Texas, Marekani, unajulikana kwa mpango wa namna hii. Mafuriko ya Septemba 1921 yaliua watu wengi katikati ya mji, na kukawa na mawazo ya kuufunika mkono mmoja wa mto uwe mfereji wa chini ya ardhi. Wakazi walipinga. Mwaka 1929 msanifu Robert Hugman aliwasilisha mpango wa kuuacha wazi na kujenga njia za miguu kandokando yake, na ujenzi ukafanyika kati ya 1939 na 1941. Mwaka 1968, mji ulipoandaa maonyesho ya dunia, hoteli ya Hilton Palacio del Rio ilijengwa pale ikiwa na mlango mmoja upande wa barabara na mwingine chini, kwenye njia ya mto ambayo ni ya kila mtu. Mgeni na mkazi hukutana palepale, na anayeuza chakula hupata wateja wa pande zote mbili. Lakini San Antonio ina malango ya kuzuia maji na mfereji wa kuyapitisha kando. Oyugis haina, kwa hiyo mikahawa iliyokaa karibu na usawa wa maji kama ile si ya kuigwa hapa.

Karibu zaidi na nyumbani, Mji Mkongwe wa Zanzibar umeonja pande zote mbili. Bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, na hadi leo ndiko watu wa mjini wanakokwenda jioni kula na kupunga upepo, wageni wa hoteli wakiwa miongoni mwao. Mwendo mfupi kutoka hapo, huko Shangani, nyumba ya kale ya Mambo Msiige iliunganishwa na jengo jipya na kufunguliwa kama hoteli mwaka 2015. Mradi huo uliibua mjadala mrefu, uliofika hadi Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, kuhusu ukubwa wa jengo jipya katika ufuo wa mji huo. Hoteli za jirani na bustani ile zisingekuwa na mvuto walio nao kama pwani yote ingefungwa, jambo ambalo wawekezaji husahau wanapohesabu thamani ya kiwanja.

Kwa nini mwekezaji akubali? Kwanza, ukanda huo hawezi kuujengea hata akitaka. Wenye majengo jijini Nairobi walioupuuza mpaka wa mto walijifunza kwa hasara Agosti 2018, pale kituo cha mafuta cha Kileleshwa na jumba la South End kwenye barabara ya Lang'ata vilipobomolewa. Pili, hoteli ya mji mdogo haiwezi kuishi kwa wageni wa kulala peke yao. Jumapili mchana anayenunua soda na samaki ni mkazi aliyekuja kutembea na watoto.

Madai ya mwekezaji nayo yasipuuzwe. Njia ya wazi huleta takataka, na usiku bila taa huleta mambo mengine. Nani atafagia? Nani atalipia taa? Choo cha umma kitakuwa cha nani? Mambo haya yaandikwe katika masharti ya kibali: hoteli inatunza nini, kaunti inatunza nini, njia inafungwa saa ngapi kama inafungwa. Njia iwe na milango miwili, mmoja kila mwisho. Njia yenye mlango mmoja ni kichochoro, na watu hawatapita. Palipokuwa na mahali pa kunywesha mifugo, pawekewe birika nje ya ukingo ili kwato zisibomoe udongo. Bodaboda nao watengewe mahali pa kuoshea mbali na mto, kwa kuwa mafuta ya pikipiki hayapaswi kuingia majini.

Majitaka ndiyo sehemu ambayo macho hayaoni na pua hugundua baadaye. Hoteli ya vyumba 40 yenye jiko na dobi hutoa maji machafu kila siku, na mahali pasipo na bomba la majitaka maji hayo huishia kwenye shimo. Shimo likichimbwa karibu na ukingo, uchafu hupenya ardhini hadi kwa anayechota maji chini ya mto. Kwenye ripoti ya tathmini ya mazingira inayowasilishwa kwa NEMA, ukurasa wa kusomwa kwa makini kuliko mingine ni huu. Kuhusu miti, mikaratusi isipandwe ukingoni, kwani hunywa maji mengi. Mkuyu na siala vinafaa zaidi, na matete yaliyopo yaachwe yashike udongo.

Utaratibu wa kibali uko katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Ombi la ujenzi hupelekwa kwa kaunti. Mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku 60, kibali huhesabiwa kuwa kimetolewa, kwa hiyo maoni ya wakazi yanayochelewa hayana kazi. Mtu yeyote mwenye maslahi, si mwombaji peke yake, anaweza kukata rufaa kwa kamati ya uhusiano ya mipango ya ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi utolewe, na asiporidhika huko aende Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kazi yoyote inayogusa mto wenyewe, kama kuchota maji au kujenga daraja dogo, inahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Anayekwenda kutazama ramani ya mradi katika ofisi ya mipango ya ardhi aulize aonyeshwe mambo matatu kwenye karatasi: mstari wa alama ya juu ya mafuriko, mstari wa ukanda wa mto, na njia ya watu kutoka barabarani hadi majini ikiwa na upana wake kwa mita. Kama mstari wa tatu haupo, aandike hivyo kwenye fomu ya maoni, atie sahihi na tarehe, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri.