Gunia Kuukuu na Hewa Tuvutayo

Bwana Mkulima, nawe Bibi, uendapo bandani leo litazame lile gunia la nailoni ulilozibia ukuta wa kuku mwaka juzi. Lishike. Halipasuki kama kitambaa. Lavunjika, na vidole vyabaki na unga. Hiyo ni kazi ya jua. Plastiki haiozi kama makumbi au ukili, bali jua huikatakata ikawa vipande vidogo, na vidogo zaidi. Vipande visivyofika milimita 5 huitwa chembe za plastiki. Nyingine jicho halizioni kabisa, nazo ni nyepesi, basi upepo huzichukua.

Huenda ukasema kuwa hapa Mwabungo hatuna viwanda, na hewa yetu yatoka baharini. Lakini mwaka 2019 wataalamu walieleza kwamba katika milima ya Pyrenees, mbali na miji ya Ufaransa na Uhispania, chembe 365 zilianguka kila siku katika kila mita moja ya mraba. Mwaka uliofuata zilipatikana katika upepo wa bahari huko huko Ufaransa, kwa kuwa wimbi likivunjika hurusha matone, na tone hubeba chembe. Nasi twakaa mahali ambapo kusi hutoka baharini moja kwa moja mpaka minazini! Mwaka 2022, huko Uingereza, vilichunguzwa vipande 13 vya mapafu ya watu walio hai, na 11 vilikuwa na plastiki. Madaktari wangali wakichunguza madhara yake, lakini pafu si ghala la plastiki.

Jua hufanya kazi hiyo polepole. Moto huifanya jioni moja. Wengi wetu tukimaliza kupalilia hukusanya majani, na katika biwi hilo hilo twatupa chupa, mifuko ya mbolea, kandambili zilizokatika na vipande vya bomba. Twatia moto, twadhani vimekwisha. Havikwisha. Moto wa biwi ni hafifu. Huacha plastiki nyingine imeungua nusu, ikibaki majivuni hata upepo wa kesho uipeperushe. Tena mabomba ya plastiki yakiungua yaweza kutoa sumu iitwayo dayoksini, ambayo hutua majanini. Ng'ombe akila, huingia katika mafuta ya maziwa. Na kuku je? Mwaka 2005 yalipimwa mayai ya kuku waliokuwa karibu na jaa la Dandora, Nairobi, ikapatikana dayoksini iliyopita kiasi kilichoruhusiwa na nchi za Ulaya. Kuku wako naye hupenda kuoga majivuni, kisha watoto hula yai.

Serikali ilikataza kuchoma plastiki na matairi mahali pa wazi kwa Kanuni za Hewa za mwaka 2014, na mifuko ya kubebea ikapigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Gunia halikukatazwa, na shamba haliwezi kukaa bila gunia. Kwa hiyo likiwa tupu likung'ute, ulikunje, uliweke ghalani penye giza, litadumu sana. Ukuta wa banda uzibe kwa makuti, na maembe yapeleke sokoni katika pakacha. Gunia lililokwisha kuliwa na jua usilifagie kavu, hasa watoto wakiwa karibu. Linyunyizie maji kwanza, kisha ulikusanye.

Chupa na kandambili zitenge kabla ya kuwasha moto wowote, uziweke kivulini mpaka wapite wakusanyaji. Zina kazi: mwaka 2018 mafundi wa Lamu, wakiongozwa na Ali Skanda, walishusha majini chombo kiitwacho Flipflopi, kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Unguja.

Majani ya palizi nayo usiyachome, hata yakiwa peke yake. Yatandaze shinani mwa minazi kabla ya masika.