Mayai ya Kutotoa: Usafi Uanzie Kwenye Kiota



Vikundi vingi siku hizi vina mashine ya kutotoa vifaranga, au vinakusanya mayai na kuyapeleka kwa mwenye mashine. Wengine bado wanategemea kuku wa kienyeji anayelalia mwenyewe. Kote kuna swali moja linaloleta ubishi: yai likiwa na kinyesi au matope, tulioshe au tusilioshe?

Jibu fupi: usilioshe. Sababu zake ni hizi.

YAI LINAPUMUA

Ganda la yai si kama chupa. Lina maelfu ya matundu madogo sana, na kifaranga aliye ndani anapata hewa kupitia hapo. Kuku anapotaga, yai hutoka na utando mwembamba ulio majimaji, ambao hukauka upesi. Utando huo unaruhusu hewa kupita lakini unazuia vijidudu. Ukiosha yai au kulisugua kwa nguvu, unauondoa.

Tena kuna jambo la joto. Yai likitoka tu lina joto la mwili wa kuku, karibu digrii 41. Likipoa, vitu vya ndani hupungua kidogo na hewa huvutwa kuingia. Sasa ukilitia kwenye maji baridi likiwa bado na joto, litavuta maji hayo pamoja na uchafu. Nje litang'aa, kumbe ndani limeharibika.

HASARA NI YA WOTE

Mashine inakaa na joto la digrii 37.5 na unyevu kwa siku 21. Hali hiyo inamfaa kifaranga, lakini vijidudu pia wanaipenda. Yai likioza hujaa hewa na linaweza kupasuka, na majimaji yake yanarukia mayai mengine. Vifaranga wengine hutotolewa wakiwa na kitovu kibichi kinachonuka, na wanakufa katika wiki ya kwanza.

Tuseme wanachama 12 wameleta mayai 8 kila mmoja. Jumla ni 96. Yai moja chafu la mtu mmoja laweza kuwatia hasara wale wengine 11. Hapo lawama huanza, na kikundi kinaweza kuvunjika kwa sababu ya yai!

FANYENI HIVI

1. Weka nyasi kavu au maranda kwenye viota, na ubadilishe mara yakichafuka. Kiota kimoja kinatosha kuku 4 au 5.

2. Usiwaache kuku walale usiku ndani ya viota. Hapo ndipo kinyesi kinatoka.

3. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, mikono ikiwa safi.

4. Chagua yaliyo safi. Yenye uchafu mwingi au ufa yasiende kutotolewa. Lenye uchafu mwingi lakini halina ufa, lipike liive kabisa, mle.

5. Yai lenye doa dogo lililokauka, likwangue polepole kwa msasa laini, hapo kwenye doa tu. Usitumie kitambaa chenye maji, maana kinahamisha uchafu kutoka yai moja hadi lingine.

6. Weka mayai mahali penye baridi kiasi, upande mnene ukiwa juu. Yasipitishe siku 7 kabla ya kuingia mashine.

Kama mayai ni machache na hamna budi kuosha, maji yawe na joto kuliko yai, digrii 40 hadi 45. Usiloweke. Osha upesi, badilisha maji yakichafuka, kisha uyaache yakauke yenyewe mahali safi. Mayai hayo yawekwe chini kabisa kwenye mashine, ili yakipasuka yasichafue mengine.

Kwa kuku anayelalia, ni vivyo hivyo: mpe mayai safi 10 hadi 13 na nyasi mpya. Usioshe.

SHERIA YA KIKUNDI

Chagueni mtu mmoja wa kupokea mayai, na ayakague mbele ya mwenyewe. Kila yai liandikwe jina na tarehe kwa penseli. Yai chafu lirudishwe, hata likiwa la mwenyekiti. Kati ya siku ya 7 na ya 10, yapimeni kwa tochi gizani. Lisiloonyesha mishipa ya damu litolewe. Linalonuka au kutoa majimaji litolewe mara moja, polepole lisipasuke, kisha mnawe mikono kwa sabuni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

- Nani kati yetu ana viota vilivyo na nyasi kavu leo?
- Nani atapokea mayai, na tutamuunga mkono akikataa la rafiki yake?
- Mashine yetu husafishwa kila baada ya kutotoa, au tunangoja inuke?